Kutoka Kishamba cha Shule, Tseikuru

Mtu atokaye Mwingi kwenda Tseikuru hupita Kyuso, na kadiri aendeleavyo nchi huzidi kuwa kavu, miti ya miiba husongamana, na mbuzi huwa wengi kuliko ng'ombe. Mbele yake liko bonde la mto Tana. Huku mkulima hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi. Akizikosa hizo, amekosa mwaka.

Nilifika mwezi wa Februari, ndengu zikipurwa. Nyuma ya shule moja nilionyeshwa kishamba cha chama cha 4-K, maana yake Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama hivyo vilianza katika miaka ya 1960, vikafifia, hata Serikali ikavifufua mashuleni mwaka 2021. Nakiri kwamba nilidhani ni mchezo wa watoto. Lakini walikuwa wamechimba mashimo mapana, wakayatia samadi ili maji ya mvua yasikimbie, wakapanda mtama nusu ndani ya mashimo na nusu nje. Ule wa mashimoni ulinifika kifuani. Wa nje ulikauka ungali magotini.

Binti mmoja aliyeanza kulima hapo amekwisha maliza sekondari, na katika mtihani amepata C+, daraja ya chini kabisa ya kuingilia chuo kikuu. Ataka kusoma kilimo Kwa Vonza, katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Chuo hicho kilipewa hati yake mwaka 2013; zamani palikuwa na Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojengwa kwa michango ya Harambee.

Nilimkuta baba yake chini ya mti. "Bwana mgeni," akaniambia, "mbuzi ndio akiba yangu ya siku ya njaa. Nikiwauza kwa karo na mvua isinyeshe, tutakula nini? Na huyu akiisha soma, atarudi shambani, au atatafuta meza Nairobi?"

Binti alikuwa akipepeta ndengu. Akajibu bila kuinua macho, "Baba, yale mashimo nyuma ya nyumba ulijifunza kwa nani?"

Mzee akacheka, wala hakujibu.

Siku ya soko nilimwona akivuta mbuzi wanne kwa kamba. Jike mmoja mwenye madoa, aliye na mimba, alikuwa amemwacha nyumbani.