Kinundu cha Begani

Miaka ya themanini, kwetu kinundu cha ngozi kilihesabiwa ugonjwa pale tu kilipouma. Cha kaka yangu mkubwa hakikuuma. Kilikaa begani pale alipochanjwa utotoni, kigumu, chekundu cha kahawia, kikikua polepole mno hata hakuna aliyeweza kusema kilianza lini. Mama alisema ni kovu la chanjo limevimba, na kweli, makovu ya namna hiyo tuliyaona kwa jirani wengi. Kaka alikuwa fundi mwashi. Kilipoanza kusuguliwa na ndoo za zege ndipo alipokwenda kukitoa.

Kilitolewa hospitali ya wilaya kwa sindano ya ganzi na nyuzi chache, akarudi nyumbani jioni. Nyama iliyokatwa ilitupwa pamoja na pamba zenye damu. Hakuna aliyeuliza, wala sisi hatukujua kuwa kuna la kuuliza: uvimbe ukishakatwa, umekwisha. Maabara ya kupima nyama ilikuwa mbali, na daktari yule alikuwa peke yake na foleni ya wajawazito nje.

Uvimbe ulirudi kandokando ya kovu, safari hii vinundu kadhaa vilivyoshikana. Ukakatwa tena vilevile, ukarudi tena.

Ni katika hospitali ya rufaa ndipo daktari wa upasuaji, binti mdogo kuliko kaka, alipouliza, “Kaka, zile nyama za mwanzo zilipimwa?” Hatukuwa na jibu. Akachukua kipande, akakitia kwenye formalini. Kwenye darubini seli zilionekana zimepishana kama ukindu wa mkeka. Jina la ugonjwa ni dematofibrosakoma protuberansi, saratani ya ngozi isiyo ya kawaida, inayowapata watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka.

Alituchorea kwenye karatasi. Kinundu tunachokiona ni sehemu tu ya uvimbe. Chini ya ngozi umetandaza mizizi myembamba inayopenya kwenye mafuta, mbali na pale jicho linapodhani umeishia. Ukikata kwa kuufuata ukingo unaouona, mizizi inabaki na kuota upya. Kwa hiyo alikata sentimita 3 za ngozi iliyoonekana nzima kila upande, akashuka hadi kwenye utando unaofunika msuli, akazibia pengo kwa ngozi ya paja. Kingo zote zikapimwa, zikaonekana safi.

Kinachoniuma ni tarehe. Darier na Ferrand waliuandika ugonjwa huu Ufaransa mwaka 1924, na tangu hapo walieleza kuwa hukua taratibu na hurudi ukikatwa. Miaka ya 1930, kule Wisconsin, Frederic Mohs alianza kukata saratani za ngozi tabaka kwa tabaka, akikagua kila tabaka kwa darubini mpaka asione mzizi. Kaka alilala kwenye kitanda cha upasuaji miongo mingi baadaye.

Leo mengi zaidi yanajulikana. Vipande vya kromosomu ya 17 na ya 22 huungana mahali pasipo pake, na seli zikaanza kujitengenezea zenyewe amri ya kukua. Dawa ya vidonge, imatinibu, huzuia amri hiyo. Marekani iliidhinisha itumike kwa ugonjwa huu mwaka 2006, kwa wale ambao kisu hakiwafai. Takwimu za hukohuko zinaonyesha Weusi huupata zaidi kuliko Weupe. Nami nadhani kwetu hujificha vizuri zaidi, maana ngozi yetu ni hodari wa kuvimbisha makovu, na kila kovu lililovimba tunaliita keloidi bila kuligusa mara ya pili.

Kaka hakufa, ugonjwa huu husambaa mbali mara chache sana. Lakini mkono wa kulia hauinuki kupita bega. Ameacha kupiga lipu ya dari, kazi iliyomlipa kuliko zote, na sasa anajenga msingi na kuta za chini, juu wanapanda vijana aliowafundisha. Kila mwaka tunakwenda kliniki. Daktari hupapasa kovu, hubonyeza kingo zake, hutia vidole kwapani kutafuta tezi. Mara ya mwisho alimwambia, “Kaka, pako sawa, uje mwakani,” naye akauliza tarehe, akaiandika.