Barua kutoka Leicester: Simu ya Shangazi

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefika salama, na Shangazi hajambo. Anakula vizuri, goti linamsumbua asubuhi tu, na kila siku ananiuliza habari zako na za Mama. Kutoka London nilipanda treni stesheni ya St Pancras, mwendo wa saa moja na kitu, mashamba na kondoo kila upande. Mchana jua linaonekana, ila lisikudanganye ukavua koti.

Najua unasubiri habari ya simu yake inayosumbua. Lililonisikitisha zaidi nilipofika ni kwamba Shangazi alishaanza kukata mazungumzo mapema. Mtu akimpigia, baada ya dakika mbili anasema, “Basi mwanangu, tutaongea siku nyingine.” Maneno hayajamwishia, amechoka kurudia neno moja mara tatu. Mzee anayeishi peke yake ughaibuni akianza kuikimbia simu, hilo si jambo la kuachia hivi hivi.

Huku simu za waya wa shaba zinaondolewa, na mtandao wa zamani unatakiwa uwe umezimwa kabisa ifikapo mwisho wa Januari 2027. Kwa hiyo simu yake ya mezani, ile ile isiyo na waya yenye tarakimu kubwa, sasa imechomekwa kwenye kisanduku kidogo, na kisanduku kimechomekwa kwenye ruta. Sauti inakatwa vipande, aghalabu kila kimoja kikibeba milisekunde 20 za maneno, kisha vinapita kwenye intaneti na kuunganishwa upya huko viendako. Kipande kikichelewa mno hakisubiriwi, kinarukwa. Ndiyo ile “nime... jana... toto” uliyokuwa ukiisikia.

Kila alipolalamika, mhudumu wa kampuni alimwambia azime ruta na kuiwasha. Mimi nilianza kwa kumkalisha na kumuuliza: nani hamsikii mwenzake? Saa ngapi? Sauti inakatika, inakwaruza, au inarudi? Maswali hayo ndiyo kazi yenyewe, maana kila ubovu una dalili yake, na dalili ndiyo inayokuonyesha pa kutazama.

Kwanza, kukatika. Shangazi alikuwa akikusikia wewe vizuri kabisa. Wewe ndiye uliyekuwa humsikii. Maana yake sauti inayoingia nyumbani haina shida, inayotoka ndiyo inayokwama. Tena hutokea zaidi jioni, wajukuu wakiwapo. Nikapima kasi ya intaneti: kupakua karibu megabiti 14 kwa sekunde, kupakia hata megabiti moja haifiki. Simu moja yenye sauti safi huhitaji kilobiti 80 hadi 90 hivi kila upande, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini jioni simu za wajukuu zinajipakia picha na video zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kamera ya mlangoni nayo inatuma picha kila mtu anapopita. Sauti ya Shangazi inakuwa kama gari la wagonjwa lililokwama nyuma ya malori kwenye foleni ya kivuko.

Nilitaka kuhakikisha kwa macho. Nikachomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, nikaiacha itume ping mfululizo, yaani ujumbe mdogo unaokwenda na kurudi huku ukipimwa muda wake. Nyumba ikiwa kimya, majibu yalirudi kwa milisekunde 30 hivi. Nikamwomba mjukuu apakie video moja ya harusi. Tarakimu zikapanda palepale: 200, 450, zikapita 600. Shangazi alivaa miwani akasogea kutazama. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, wanapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu waongee bila kugongana maneno. Hapo nyumbani peke yake tulishavuka mpaka, kabla sauti haijauanza hata msafara wa kuja kwenu Tanga.

Dawa yake haikuhitaji kununua intaneti kubwa zaidi. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikakipa kile kisanduku cha simu kipaumbele, halafu nikauwekea upakiaji kikomo, kidogo chini ya kasi tuliyoipima, ili foleni isijazane mahali ambapo ruta haiwezi kuipanga. Kuhifadhi picha tukakuhamishia usiku wa manane. Tulipopakia video ile ile tena, majibu hayakuvuka milisekunde 60.

Pili, mkwaruzo. Huu Shangazi aliusikia hata kabla hajapiga namba. Ubovu unaosikika kabla ya kupiga mara nyingi uko mezani pako, haujafika hata barabarani. Kitako cha simu yake isiyo na waya kilikuwa kimepandishwa juu ya ruta, chaja tatu zimebanana pembeni. Nikakisogeza mbali kiasi cha urefu wa meza, mkwaruzo ukaisha. Na waya unaounganisha kisanduku na ruta ulikuwa umekunjika chini ya mguu wa kabati, klipu yake imevunjika, hivyo tukatoka kutafuta mwingine.

Tulikwenda Belgrave Road, mtaa unaoitwa Golden Mile, maduka ya dhahabu, sari na vitafunio yamepangana. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huu ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester. Walikuja kwa maelfu, na leo mji unajivunia mtaa wao. Mzee mwenye duka la vifaa vya umeme aliposikia namwita Shangazi, akaitikia kwa Kiswahili cha Jinja: “Karibu mama, unatafuta nini?” Waya ukapatikana, na Shangazi akapata mtu wa kuongea naye mpaka nikakaa chini.

Tatu, mwangwi, na hapa nina neno na wewe. Shangazi alikuwa akijisikia mwenyewe, kila neno linamrudia. Mwangwi wa namna hiyo kwa kawaida hutokea upande wa pili: sauti yake inatoka kwenye spika huko, inaingia tena kwenye maikrofoni ya simu hiyo hiyo, inarudi. Najua mnapenda kumweka spika ili nyumba nzima imsikie. Endeleeni, ila punguzeni sauti, na simu ilale kwenye kitambaa, isiwe juu ya meza ya kioo.

Zipo siku kosa haliko huku wala huko. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba kwa siku kadhaa. Siku kama hizo usiguse mipangilio.

Jambo moja lilinitia wasiwasi kuliko yote. Simu ya zamani yenye waya ilipata umeme wake kwenye waya wa simu. Hii, umeme wa nyumba ukikatika, nayo inakufa. Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano huku, inataka kampuni ziwe na njia ya kumwezesha mteja anayetegemea simu ya mezani kupiga simu ya dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Nimeipigia kampuni yake kuomba betri ya akiba, na simu yake ya mkononi sasa inalala na chaji karibu na kitanda. Majirani wenye wazee nimewaambia vivyo hivyo, na wale wenye kitufe cha dharura shingoni wakijaribu kabla ya simu zao kuhamishiwa kwenye intaneti.

Shangazi atakupigia Ijumaa baada ya swala. Sauti ikisumbua, usiniambie tu “simu mbovu.” Niambie nani hakumsikia nani, saa ngapi, na ilisikikaje, nami nitajua pa kuanzia. Na tenga muda wa kutosha, maana ana habari za miezi mingi alizokuwa akizikatiza.

Msalimie Mama.

Dada yako