Dada Yangu Hakuhesabiwa

Mtafiti alifika kwetu Itiryo, wilayani Tarime, mchana mmoja nikiwa likizo, daftari mkononi. Alimwamkia mama, akapewa kigoda, kisha akaeleza kwamba anachunguza namna wanafunzi wenye ulemavu wanavyoandaliwa kwa maisha ya utu uzima. "Mama, je, humu mna mwanafunzi mlemavu?"

Mama hajui Kiswahili sana. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake wa Kikuria. Nilifasiri swali. Mama akainama, akajibu kwa sauti ya chini. Nikamwambia mgeni, "Hayupo."

Hatukusema uongo, ndugu msomaji. Mdogo wangu wa kike, kiziwi tangu utotoni, hakupata kusoma. Saa ile alikuwa nyuma ya nyumba akianika wimbi. Mgeni alishukuru, akaenda zake.

Tangu siku hiyo najiuliza: utafiti ule ulimpima nani? Awatafutaye vijana hawa madarasani huwakuta waliobahatika kufika darasani. Asiyepelekwa shule, na asiyejua lugha ya mwulizaji, hawamo; lakini matokeo husomwa kana kwamba ni yao wote. Na hao si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi walikuwa na ulemavu: mijini asilimia 6.3, vijijini 8.3.

Hata swali lenyewe huweza kuficha watu. Neno "mlemavu" huwatia wazazi haya. Kundi la Washington, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, lilitunga maswali mepesi zaidi: je, mtu huyu hupata ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana? Angeulizwa hivyo kwa kila aliyelala nyumbani mwake, naamini mama angejibu bila kuinama: "Huyu hasikii."

Lakini lawama zote nisimtwike mtafiti. Mimi niliyesoma nilijua alichokuwa akitafuta, nami nikajificha nyuma ya neno "mwanafunzi". Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia mdogo wangu haki ya elimu na mafunzo ya ufundi. Haki hiyo itamfikiaje, ikiwa nduguye mwenyewe anasema hayupo?

Jioni ile alinishika mkono, akanipeleka hadi kwa jirani yetu fundi. Akaonyesha cherehani, kisha akajigusa kifua. Hakuna aliyekuwa amemwuliza anataka kuwa nani akikua. Alijibu bila kuulizwa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mtafiti mwingine akibisha hodi, mimi sitakuwa mkalimani wa mama peke yake. Nitamwita mdogo wangu aketi nasi, ajibu kwa mikono yake, nami nitafasiri.