Kutoka Mbotela hadi Ziwani: Lango la Kisumu na Safari ya Kuvuka Mau

Mbotela, mtaa wa Eastlands uliojengwa na Baraza la Jiji la Nairobi katika miaka ya 1950 na kupewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952, ulikuwa makao ya kazi kwa wapangaji wake wengi, ilhali kwao kulibaki mbali na jiji. Kwa wale waliotoka Nyanza, kurudi kwao kulimaanisha kuvuka nyanda za juu za Mau na kuteremka hadi Kisumu, na kumbukumbu za wazee wa mtaa zinaonyesha jinsi safari hiyo ilivyobadilika, na jinsi Kisumu yenyewe ilivyobadilika machoni pa wasafiri.

Njia ya kwanza ilikuwa Reli ya Uganda, iliyofika ziwani Disemba 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Hii ni reli ya mita, yaani ile ambayo vyuma vyake viwili vimetengana kwa mita moja, na kipimo hicho chembamba kiliiwezesha kupinda kwa urahisi zaidi milimani. Treni iliyoondoka Nairobi jioni ilipanda usiku hadi Mau Summit, mahali palipo juu ya mita 2,500, kabla ya kuteremka hadi ziwa lililo kwenye kimo cha takriban mita 1,130. Kwenye mabehewa ya daraja la tatu, madirisha yalifungwa kuanzia Molo na watoto wakafunikwa blanketi. Kulipopambazuka karibu na Muhoroni, harufu ya molasi, yaani uji mweusi unaobaki miwa ikishatengenezwa sukari, iliingia ndani, na masweta yakaanza kuvuliwa na kurudishwa vikapuni.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba reli iliwafikisha wote mahali pamoja. Aliyekuwa akienda Kendu Bay au Homa Bay alishuka Kisumu kwanza, akavuka kutoka stesheni hadi gatini, akapanda meli; hivyo majirani wa Mbotela, hata wale ambao vijiji vyao vilikuwa mbalimbali, waliagana Kisumu, na habari za jijini zikasambaa kutoka hapo.

Barabara ya lami iliuvunja mpango huo. Mabasi ya stendi ya Machakos, karibu na mwanzo wa Jogoo Road, yalimpeleka msafiri wa Homa Bay au Migori moja kwa moja kupitia Kisii, na aliyekwenda Ahero alishukia Ahero bila kuiona Kisumu. Safari za meli zilipungua, na treni ya abiria nayo ikasimama kwa miaka kadhaa. Wakati huohuo Kisumu, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2001, ilianza kutembelewa kwa ajili yake yenyewe, kwa biashara, masomo na matibabu.

Disemba 2021, baada ya njia ya Nakuru hadi Kisumu kukarabatiwa, treni ilirudi, ikiondoka Nairobi Ijumaa jioni. Hata hivyo, kilichorudi ni chombo cha kusafiria tu, kwa sababu umoja wa wasafiri wa zamani haukutokana na treni peke yake bali na ulazima wa kupitia Kisumu, na ulazima huo uliondolewa na barabara.