Sifa Iliyozungukia kwa Jirani

Kundi letu la WhatsApp lilianzishwa kwa ajili ya shughuli za msikiti: kutangaza vikao, michango, misiba na zamu za usafi. Mimi, nikiwa katibu wa kamati, ndiye niliyeandika masharti yake. Lakini msomaji anayejua hali za watu hatashangaa nikisema kwamba baada ya sala ya Isha, tangazo la mwisho likishasomwa, maneno hugeuka. Mmoja atauliza ni programu gani ya hesabu isiyolipiwa. Mwingine ataleta picha ya kikombe cha kahawa na vipande viwili vya kashata. Wa tatu atasema upepo wa kusi umetulia naye amejilaza barazani. Hakuna kusengenyana wala matusi. Ni mazungumzo mepesi ya watu waliochoka na kazi za mchana, nami nakiri kwamba niliyapenda mno.

Usiku mmoja ndugu yetu mmoja aliuliza jambo lililotokea alfajiri ya siku ile. Simu mbili katika safu moja ziliadhini kwa kupishana dakika kadhaa. Ipi ilikuwa ya kweli? Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeulizwa somo alilolidurusu. Nikaandika kwamba programu za nyakati za sala hupima jua limeshuka nyuzi ngapi chini ya upeo wa macho, na kwamba taasisi hazikuafikiana juu ya kipimo kimoja. Rabita ya Makka huhesabu Alfajiri kwa nyuzi 18, na hesabu ya Misri ni nyuzi 19.5. Kwetu huku karibu na ikweta uzi mmoja ni kama dakika nne, hivyo hesabu ya Misri hutangulia kwa dakika sita hivi. Nikawaeleza pia kwamba kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia haitumii nyuzi katika Isha, bali huhesabu dakika 90 baada ya Magharibi. Nikawaonyesha mahali pa kubadilisha kipimo, ili kila mmoja afuate kile kinachofuatwa na msikiti wake. Shukrani zikamiminika.

Kisha mzee wetu mmoja, fundi cherehani, akauliza kama ilivyo ada yake: "Katibu, leo mmekula nini?" Nikamjibu kwa urefu vilevile. Nikaandika kwamba tulikula bada, kwa makopa aliyoyaleta mama mkwe kutoka Muheza. Nikaeleza jinsi muhogo ulivyomenywa, ukaanikwa hadi ukakauka kama jiwe, ukatwangwa na unga ukachekechwa. Na jinsi mwiko unavyotaka mkono usiochoka, la sivyo madonge hubaki. Nikausifu mchuzi wa chukuchuku uliokolea ndimu. Nikamalizia kwa kusema kwamba tangu nizaliwe sijala bada laini namna ile. Hilo lilikuwa kweli, wala sikutia chumvi.

Kesho yake jioni mke wangu aliniandalia chakula, akakaa mbele yangu, akasema kwa upole: "Bwana Katibu, nimepata salamu zangu kwa jirani. Kumbe bada yangu ya jana ilikuwa nzuri."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na ile habari ya alfajiri nimeielewa," akaendelea. "Mumewe jirani alimsomea, naye akanisimulia. Mwezi mzima nakuuliza mbona simu yangu yaadhini kabla ya yako, nawe waniambia, nitakueleza. Jana umewaeleza watu wote."

Sikuwa na jawabu. Nilijaribu kukumbuka usiku uliopita nilimwambia nini tulipokuwa tukila. Nilikuwa nikila kwa mkono wa kulia, na wa kushoto umeshika simu. Maneno niliyoyakumbuka yalikuwa mawili tu: "Ongeza mchuzi."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mambo haya nimeyasoma chuoni, na baadhi yake nimeyafundisha. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki. Akaiagiza, akawa anaila na huku akiisifu. Mara ngapi nimeitoa hadithi hiyo katika darsa kuwafundisha watu kukinai! Sikuwahi kuzingatia kwamba sifa ile ilitolewa palepale kwenye chakula, masikioni mwa waliokileta.

Tena nimewakanya vijana mara nyingi wasikeshe wakizungumza baada ya Isha, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alilichukia hilo. Lakini al-Bukhari huyohuyo anatupokelea kwamba Ibn Abbas (r.a.), alipolala kwa dada wa mama yake, Maymuna (r.a.), alimwona Mtume akizungumza na mkewe kwa muda kabla ya kulala. Saa ile ambayo sunna iliiachia nafasi kwa ajili ya mke, mimi niliigawa kwa jamaa wote wa kundi.

Sisemi kwamba kundi lifungwe. Yule mzee fundi ni mjane na huishi peke yake. Anapouliza tumekula nini, huenda ndiyo sauti yake ya mwisho kabla hajalala, na kumjibu ni wema. Ninalosema ni kwamba mazungumzo mepesi ni riziki, na riziki huanzia nyumbani. Mimi na mke wangu tulikuwa tukizungumza kila siku, lakini juu ya ada ya shule, kodi ya nyumba na homa za watoto. Mazito tuliyabeba pamoja. Mepesi niliyapeleka nje.

Usiku ule niliiweka simu yangu kabatini. Nikamwambia mke wangu kuwa samaki amewiva vizuri. Akanitazama kwa shaka, akauliza: "Wataka nikuazime fedha?" Tukacheka sote wawili. Kisha nikamwomba simu yake, tukaifungua programu, nikamwonyesha: yake ilipangwa kwa hesabu ya Misri, yangu kwa ile ya Rabita. Nikataka kuibadilisha ilingane na adhana ya msikiti wetu.

Akanizuia mkono. "Iache hivyohivyo," akasema. "Kusali nasali adhana ya msikiti ikishatoka. Hizo dakika sita ndizo ninazobandikia chai yako kabla hujaamka."