Kudumu kwa Miaka Mitano

Mama alipolazwa Msambweni, kadi ya ukaazi wa kudumu ya dada yangu aliyeko Kanada ilikuwa imebakiza wiki tatu tu. Sisi wanafunzi wa lugha tungeuliza: ni kudumu gani huku, kunakopimwa kwa miaka mitano? Ukaazi wenyewe haukomi pamoja na kadi; lakini bila kadi halali hapandi ndege ya kurudi, hadi aombe hati ya safari akiwa nje. Na "nje" hiyo ndiyo Kwale alikozaliwa! Akaomba ashughulikiwe kwa dharura: barua ya daktari, maelezo, na tiketi iliyokwisha kulipiwa kabla ya kadi kutoka. Kila jioni Mama aliniuliza kama binti yake ameshavuka Likoni.