Uvira: regista ya karatasi na programu ya simu mbele ya kipindupindu

UVIRA – Katika vituo vya afya vya mji huu na vya pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mgonjwa wa kuharisha akifikishwa mlangoni, kazi mbili huanza pamoja. Muuguzi mmoja anatafuta mshipa ili amwekee seramu. Mwingine anafungua regista na kuuliza: jina, miaka, kartie, avenue, ameanza kuharisha siku gani? Jamaa waliombeba mgonjwa mgongoni mara nyingi hukasirika. Wao wanaona mtu anakufa, na watu wa hospitali wanaandika.

Siku hizi hasira hiyo imepata swali lingine: kama ni lazima kuandika, kwa nini kalamu, wakati kila muuguzi kijana ana simu mfukoni? Zipo programu zinazojumlisha zenyewe na kuchora michoro. Wizara ya Afya ya Congo inakusanya ripoti za nchi kwa programu ya DHIS2, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe.

Swali ni la haki. Hesabu ya mkono, iliyofanywa usiku na mtu aliyechoka, hukosewa. Karatasi hulowa, huungua, husombwa. Wakaaji wa Mulongwe hawahitaji kuelezwa jambo hilo: usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto uliacha njia yake, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Regista ikienda na maji, imekwenda. Ripoti iliyokwisha kutumwa Bukavu kwa simu inabaki.

Lakini Uvira ina ushahidi wake juu ya kile ambacho maandishi ya kila siku yanaweza kufanya. Watafiti wakiongozwa na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walichukua hesabu ya wagonjwa waliopokelewa kila siku katika kituo cha matibabu ya kipindupindu cha Uvira, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Wakaiweka kando ya hesabu nyingine ya kila siku: kiasi cha maji ambayo REGIDESO ilipeleka mjini. Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika jarida la PLOS Medicine. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, kulinganisha na baada ya siku ambayo maji yalitoka vizuri. Na kati ya wagonjwa 100 waliopokelewa, karibu 23 walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Mama wa Kasenga anayeshuka ziwani na bidoni yake alikuwa akisema hivyo zamani: robine ikikauka, watoto wanaumwa. Kilichobadilika ni kwamba neno lake lilipata namba. Na namba hiyo isingepatikana kama tarehe hazikuandikwa. Utafiti huo pia uliona kwamba madhara yalikuwa makubwa zaidi katika kartie zinazotumia maji ya bomba kwa wingi. Maana yake, hata ule mstari wa anwani unaowaudhi jamaa ulifanya kazi.

Si jambo la Uvira peke yake. Mwaka 1854 huko London, daktari John Snow alifuata anwani za waliokufa kwa kipindupindu, akaona zinazunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na orodha yenye anwani, na miguu ya kwenda kuuliza.

Hapo ndipo simu inapofikia mwisho wake. Programu inahesabu haraka, lakini haijui kile ambacho hakuna aliyeuliza. Tena ina hatari yake: skrini ikikataa kusonga mbele mpaka anwani ijazwe, aliyechoka ataweka anwani yoyote ili aendelee. Kwenye karatasi, nafasi tupu inabaki tupu, na kila mtu anaiona. Neno lililofutwa kwa mstari mmoja bado linasomeka chini ya mstari.

Vita navyo vimeongeza somo. Februari 2025, baada ya Bukavu kuanguka, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi, wengi wao wakivuka Rusizi. Katika siku kama hizo umeme unakatika, mtandao unapotea, mega zinakwisha. Simu inaweza kunyang'anywa njiani, na simu yenye majina ya wagonjwa ikiingia mikononi mwa mwenye silaha ni hatari kwa wote walioandikwa humo. Regista nayo ina majina, lakini ni vigumu kuondoka nayo mfukoni.

Basi njia inayofaa huku si kuchagua kimoja. Kalamu kwanza, saa ileile, mbele ya mgonjwa. Simu baadaye, jioni, kwa kujumlisha na kutuma. Anayejumlisha asome kutoka kwenye regista, si kutoka kichwani.

Na familia zilizohama zina sehemu yao. Ukiulizwa anwani, taja mbili: ulikotoka na unakolala sasa. Aliyetoka Sange akalala Kavimvira kwa jamaa yake, akiandikwa Sange tu, ugonjwa utatafutwa Sange, wakati maji aliyokunywa ni ya Kavimvira. Watakaochota hapo kesho hawataonywa na mtu.

Taja pia siku ambayo kuharisha kulianza, si siku ya kufika kituoni. Fishi za chanjo na karatasi za hospitali zifungwe katika mfuko wa plastiki, zikae pamoja na vitu vya kwanza vya kukimbia navyo. Na muuguzi akiuliza avenue wakati mgonjwa anatapika, mmoja wa jamaa asogee pembeni amjibu. Jibu hilo ndilo linaloonyesha bidoni ijayo isijazwe wapi.